Senje amevunja harusi ya samaki wangu

Leo nimeozesha samaki, na ndoa imevunjika kabla maji hayajatulia.

Ni samaki malaika wawili wa maji ya chumvi, ndiyo, hapa hapa Kakamega. Niliwatenga kwa wavu ndani ya tangi ili wazoeane kwanza. Leo nikautoa, Senje, shangazi yangu wa Malava, akishuhudia.

Bwana harusi akamng'ata bibi harusi mkia!

"Kwani hawa ni wa ukoo gani?" Senje akauliza.

"Sijui, Senje. Wametoka duka moja."

"Duka moja? Si ni ndugu hao! Rudisha wavu!"

Nikarudisha. Sasa ndio wamejibandika kwa wavu, kila mmoja upande wake, wanaangaliana tu.

Senje naye ameleta kiti. Ameketi mbele ya tangi na chai yake, analinda.

Aliye na samaki wa ukoo mwingine aseme haraka. Mimi Senje simwezi.