Mwiko Uliopewa Likizo

Nilikuwa mwaloni Kirumba, ufukweni mwa ziwa, nasubiri kupimiwa dagaa, huku redio ya muuzaji ikiwasifu wanawake jasiri wa dunia, mmoja wao rubani wa kwanza wa kike nchini kwao. Nahodha mmoja mzee aliitikia kwa kichwa. "Mama huyo ni kiboko," alisema.

Mashine ya mtumbwi wake ilikuwa imegoma kuwaka, na fundi aliyekuja alikuwa dada mwenye ovaroli, spana mkononi. Aliponyanyua mguu apande, wavuvi wakamzuia. Mwanamke akipanda mtumbwi, walimwambia, samaki wanakimbia.

"Shikamoo mzee," fundi akamgeukia nahodha. "Basi nimwite yule rubani wa redioni aje aiwashe?"

Nahodha aliitazama mashine, akalitazama jua linavyoshuka, akakuna kidevu.

"Marahaba. Ukishika spana wewe ni fundi, si mwanamke. Panda."

Hivyo ndivyo mwiko wa mababu ulivyopewa likizo. Dada akapanda, mashine ikanguruma, wavuvi wakaenda zao ziwani.

Juzi nimerudi. Naambiwa mtumbwi ule ulirudi umejaa samaki, na nikawakuta manahodha wengine wamemzunguka fundi, kila mmoja anambembeleza apande mtumbwi wake kidogo tu, walau akanyage, kabla hawajaondoka. Yeye alikuwa amekaa juu ya kreti, amejifunga kitenge, anakula sangara wa kukaanga. Akafuta vidole taratibu, kimoja kimoja.

"Leo haiwezekani, wazee wangu," akasema. "Sijashika spana. Leo mimi ni mwanamke."