Baba Yuko Hai

Hadithi hii inanionyesha mie mjinga, na bora niitoe mwenyewe, maana maktaba siku ile tulikuwa watu ishirini na wote wana midomo.

Nilikuwa nafanya kazi kwenye ghala la mizigo Hayes, London, nabandika lebo kwenye maboksi. Kazi yangu ya pili, isiyokuwa na mshahara, ilikuwa kuchekesha watu. Ofisini pale kulikuwa na msichana, Mzanzibari kama mie, ila yeye kaletwa Uingereza mdogo, kasoma mpaka chuo. Mie nimeishia darasa la saba, tena la saba lenyewe nilikaa nyuma. Wakati wa chakula yeye anasoma vitabu vya Wajapani vilivyotiwa Kiingereza. Nikamuuliza vinasema nini. Akasema mwanamke anapika, mume hasemi kitu, nje mvua inanyesha. Nikamwambia hiyo nyumba yetu Ng'ambo, Unguja, mbona sisi hatujaandikiwa kitabu? Akacheka. Hapo ndipo nilipopotea.

Miezi ikapita, nikamwambia nataka nende kwa mama yake, kule Rayners Lane, nijitambulishe kama mtu. Halafu akanieleza kwamba mama yake mtu wa kimya, na kuna binamu yake mmoja alitia mzaha kwenye dua, mpaka leo mlango ule haukanyagi. Sasa Jumamosi maktaba wanaonyesha filamu ya Kijapani, kisha watu wanakaa kuizungumza.

"Kaa saa mbili bila mzaha," akanambia. "Ukiweza, Jumapili nakupeleka."

Saa mbili! Mie hata msibani sijawahi kupitisha dakika kumi.

Basi nikaenda, nimechana nywele, nimefunga mdomo. Filamu ikaanza. Mama mmoja wa Kijapani ana duka lake la kunyoa katika mji mdogo. Ananyoa, anafagia, anakunja taulo. Binti yake anatoka Tokyo na treni, na begi la magurudumu, kuja kumtazama. Wanakula. Wananyamaza. Mvua inanyesha, kama nilivyoahidiwa. Chini ya picha kuna maandishi ya Kiingereza, lakini yale yameandikiwa watu wenye haraka zao. Mie nikifika neno la tatu, yameshafutika, yamekuja mengine. Nikaona isiwe taabu, nitasikiliza kwa masikio.

Na nikasikia. Kila mtu mle anasema "hai". Binti akiitwa, "hai". Mteja akiinamishwa kichwa, "hai". Mama akipigiwa simu, "hai, hai, hai", huku anaiinamia simu kana kwamba inamwona. Nikajiuliza, nani huyu aliye hai, mpaka mji mzima uwe unamzungumza?

Nikamwona. Ndani ya kabati dogo la mbao kuna picha ya mwanamme kavaa tai. Kila asubuhi mama anamwekea kibakuli cha wali, moshi unafuka, na kikombe cha chai. Anawasha kijiti kinatoa moshi, anagonga kikengele, ting, anakutanisha viganja, anazungumza na ile picha kidogo. Sasa kwetu mtu akichelewa huwekewa chakula chake, kikafunikwa kawa, na ole wake atakayekidokoa. Tena mwanamke akifukiza udi, anamngoja mume. Nikajumlisha: baba kasafiri, hajulikani alipo. Watu wanauliza, wanajibiwa yuko hai. Wali wake anawekewa, udi wake anafukiziwa, na kengele ni ya kumwita aje kula. Nikajiona nimeelewa kuliko wasomi wote mle ndani.

Mwisho binti akasema maneno mengi, na yale niliyawahi kidogo: anamtaka mama afunge duka, akaishi naye Tokyo. Mama akajibu, "Hai." Kesho yake binti kaondoka, na mama yuleyule anafagia mlangoni, anaweka wali, anapanga mikasi. Mlango ukagongwa. Mama akageuka. Filamu ikakata hapohapo, taa zikawashwa, na watu wanajifuta machozi.

Na mie nilikuwa na machozi. Ya furaha.

Yakaanza mazungumzo. Mmoja akataja upweke, mwengine vijana wanavyoihama miji midogo, mwengine akalizungumza fagio peke yake kwa muda mrefu. Nikamtazama msichana wangu, naye ananitazama kwa jicho la Jumapili. Nikaona nami nichangie, kwa adabu kabisa. Nikanyosha mkono nikasema, kwa Kiingereza changu cha ghalani, namsifu mama yule kwa subira, na nimefurahi sana kwamba baba karudi.

Bwana aliyekuwa anaendesha mazungumzo akauliza, baba yupi?

"Wa kwenye picha," nikasema. "Si wamesema tangu mwanzo kwamba yuko hai?"

Wakaangua kicheko, mmoja akamwaga chai. Maisha yangu yote natafuta kicheko kama kile, nikakipata siku niliyosema kwa moyo safi. Msichana kainamisha uso, mabega yanatikisika. Sikujua analia au anacheka, na sijui kipi kingekuwa kibaya zaidi.

Asiyecheka alikuwa bibi mmoja wa Kijapani, mzee, aliyekaa karibu na sahani ya biskuti. Alinifuata pale nilipojificha nyuma ya rafu. Akanieleza polepole kwamba yule baba ni marehemu, na wali ule ni wa marehemu, hata yeye nyumbani kwake hapa London anaweka. Na kile kijiti? Cha marehemu. Kumbe ubani, si udi. Na hai? Akasema hai ni "ndiyo", lakini mara nyingi siyo "ndiyo, nimekubali". Ni "ndiyo, nakusikia". Ndiyo maana yule mama hakwenda Tokyo.

Nikazidi kuchanganyikiwa. Nikamuuliza, kama amekufa, kwa nini chakula kiwe cha moto? Naye akaniuliza, kwenu nani anawekewa chakula? Nikamwambia, anayechelewa kurudi. Akafikiri kidogo, akainamisha kichwa.

"Hai," akasema.

Mpaka leo sijui alikubali au alinisikia tu.

Tukatoka, tukangoja basi. Niliyahesabu maneno yangu ya siku ile, mzaha haukuwemo hata mmoja, lakini nani ataniamini? Basi likaja, tukakaa juu, mbele. Nikaona bora nijue moja. Nikamuuliza kama Jumapili ndiyo imekufa, au na yenyewe iko hai.

Akatazama dirishani mpaka vituo viwili vikapita.

"Saa nane mchana," akasema. "Vaa shati la mikono mirefu. Na mama akikwambia 'haya', usije ukafurahi. Kakusikia tu."