Foleni ya Mitungi

Kitabu chenyewe cha ripoti ya kaunti kilikuwa na jalada la kung'aa, na juu yake picha ya mwanamke ananawa mikono huku anacheka. Sijui walimtoa wapi. Kwetu, mwaka ule wa korona, sikuona mwanamke aliyepoteza maji hivyo na bado akacheka.

Tulikuwa tumeitwa kwenye ukumbi wa kanisa kuelezwa jinsi tulivyopambana na ugonjwa. Barua ilisema kaunti inafanya tathmini wadi kwa wadi, ili siku ugonjwa mwingine ukija usitukute tumelala. Wadi yetu sitaitaja. Ni huku upande wa Kitui, pakavu, na mwenye kututambua atatutambua tu. Mimi niliitwa kwa sababu mwaka ule nilikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea; nilipewa fulana, begi na kijiji kizima cha kutembelea kwa miguu. Mama yangu aliitwa kuwakilisha wazee, lakini alikuja kwa sababu alisikia kuna chakula cha mchana, na hakumficha mtu hilo.

Nilikuwa nimekuja na jambo moja tu. Nilitaka mdogo wangu aandikwe kwenye kitabu hicho.

Afisa aliyesimama mbele alikuwa kijana nadhifu, mwenye kompyuta na sauti ya upole. Alitusomea kurasa alizozipenda. Tulivyovaa barakoa. Tulivyofunga kanisa bila vurugu. Tulivyotii kafyu.

"Kwa hii wadi," akasema, "deaths za korona ni zero. Wananchi mli-comply vizuri sana. Hebu jipigieni makofi."

Ukumbi ukapiga makofi. Mama naye akapiga. Nilimtazama kwa hasira, na hasira yenyewe haikuwa juu yake, maana hiyo sifuri ilikuwa kweli. Mdogo wangu hakukohoa hata siku moja.

Wacha nieleze kioski kilivyokuwa, kwa sababu hao waliokifunga hawakuwahi kuuliza. Kioski chetu cha maji kiko kando ya barabara ya kwenda Tulia. Maji huja siku mbili kwa wiki, yakitaka. Sasa mtu wa kwetu hapangi foleni mwenyewe. Anayepanga foleni ni mtungi. Unauleta alfajiri, unauweka nyuma ya mtungi wa jirani, unauwekea jiwe au tambara usije ukachanganywa, halafu unaenda zako. Mwingine atarudi kulima, mwingine atakaa chini ya mti wake mbali huko akisokota kamba za kiondo. Ukipita na gari utaona mamia ya mitungi ya manjano imesongamana hadi barabarani, na watu hakuna. Hata huyo afisa aliyetaka tukae mita mbili mbili angefurahi, tulikuwa tumekaa mita mia.

Lakini wao walipita na gari. Waliona msongamano. Wiki hiyo hiyo ikaja karatasi yenye muhuri: vituo vya maji vya pamoja vifungwe mpaka tangazo lingine. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na mwenye mfereji nyumbani hamjui mwenye mtungi. Na karatasi hiyo haikubandikwa na chifu wala na mtu wa kaunti. Niliibandika mimi, na fulana yangu mpya, kwa misumari minne. Watu waliniuliza wanawe mikono na nini. Nikawaambia sheria ni sheria. Nikikumbuka nilivyolisema hilo, natamani kujizaba kofi.

Basi tukarudi mtoni kama zamani. Mto wetu ni mchanga mtupu miezi mingi ya mwaka. Maji yako chini, na unayafuata kwa kuchimba. Kiangazi kikikaza, kisima hicho cha mchanga kinampita mtu mzima kimo. Unachimba vidato vya kuteremkia, unazungushia miiba ng'ombe wasiingie, unachota kwa kata pole pole. Na kuna jambo moja ambalo mtoto wa Kikamba hufunzwa kabla hajajua kuandika jina lake: hushuki kisimani bila mtu juu. Mmoja anachota, mmoja anaangalia ukingo. Mchanga hauanguki ghafla. Huanza kutiririka kidogo, punje kwa punje, na aliye chini haoni kwa sababu ameinama. Aliye juu ndiye huona, ndiye humwambia toka.

Mimi nalijua hilo tangu utotoni. Na bado nilipopelekwa semina ya siku moja nikaambiwa watu wasiende mtoni wawili wawili, kila mtu aende peke yake kwa zamu, nilirudi na hilo neno nikalihubiri nyumba hadi nyumba. Nyumba ya kwanza ilikuwa kwetu, saa ambayo Mama alikuwa sokoni. Mdogo wangu alikuwa amerudi kwa Mama na wasichana wake wawili baada ya ndoa kumshinda. Alikuwa akisonga ugali. Akaniuliza, bila kugeuka, "Na nani ataangalia mchanga?" Nikamwambia asiwe mbishi, hii ni kazi ya serikali, na mimi nitaonekana vipi kama nyumba yetu ndiyo ya kwanza kuvunja sheria.

Akaendelea kusonga. Siku nne baadaye alienda mtoni peke yake, kwa zamu, kama nilivyomwagiza. Wanaume walichimba mpaka saa sita wakamtoa. Kata ilikuwa bado mkononi.

Tulimzika asubuhi iliyofuata, haraka, watu wachache kama ilivyoamriwa. Na tangu siku hiyo Mama alikuwa na maelezo yake. "Ni kichwa ngumu," angesema. "Nilimlea nikijua. Mtu mzima anaenda mtoni peke yake kama hajazaliwa huku?" Alisema hivyo sokoni, alisema hivyo kanisani. Mimi nilikuwa nimekaa pale kila mara, na kila mara nilinyamaza. Mdogo wangu alikuwa mtu mpole kuliko sisi sote. Kosa lake lilikuwa kunisikiliza.

Afisa akafika ukurasa wa mwisho, mpango wa siku zijazo, hatua za kuchukua ugonjwa mwingine ukitokea. Ya kwanza ilikuwa kufunga mara moja vituo vya maji vya pamoja. Niliisoma mara mbili. Walikuwa wameiwekea alama ya nyota, maana ilifanya kazi vizuri.

Nikainua mkono. Nikasema hiyo hatua itolewe, na nikasema kuna mtu aliyekufa kwa sababu yake, nataka ahesabiwe.

"Pole sana, mama," akasema yule kijana. "Tuna-sympathize na family. Lakini hiyo ilikuwa accident. Haiko kwa scope ya hii report."

"Angekuwa kwa foleni ya kioski angekuwa hai."

"Sawa, lakini cause of death si korona. Labda muone watu wa disaster. Hiyo ni office ingine."

"Ninyi ndio mlifunga maji. Hao wa office ingine walifunga nini?"

Hapo chifu akasimama. Ni mtu wetu, tulisoma naye, na aliniambia kwa sauti ile ya matangani. "Mama, haya mambo tuliyamaliza. Tulizika, tukaombea familia. Na tusisahau, kwa heshima zote, huyo dada yetu alienda peke yake. Kila mtu hapa anajua hatuendi mtoni peke yetu. Hiyo si makosa ya kaunti."

Watu wakaitikia kwa vichwa. Na mbele yangu nikamwona Mama anaitikia pia, anakubaliana na chifu, kitambaa chake cheupe cha kichwani kinapanda kinashuka.

Nilikuwa nimejiandaa kuwakasirikia wao. Nilikuwa na maneno mengi mazuri. Lakini kikulacho ki nguoni mwako, na yote niliyotaka kuwaambia yalikuwa yananihusu mimi kwanza.

"Alienda peke yake kwa sababu nilimkataza kwenda na mtu," nikasema. "Ni mimi. Nilifundishwa hivyo kwa semina yenu, nikaenda nikamwambia, na aliniuliza nani ataangalia mchanga. Hakuwa na kichwa ngumu. Aliniuliza, na mimi nikamwambia asiwe mbishi. Andikeni hiyo. Andikeni jina langu kama mnataka. Lakini hiyo hatua ya kwanza mkiiacha hapo, mtaua mwingine, na safari hii mmeambiwa."

Kijana aliandika kidogo kwenye kompyuta, akaniambia bila kuniangalia kwamba ameiweka kwenye sehemu ya mengineyo, kitabu kikichapishwa tena wataona. Kikichapishwa tena. Nikamwuliza ni lini, akasema hiyo itategemea. Chifu akamwita mchungaji afunge kwa maombi, na sufuria za pilau zikaanza kuingizwa kupitia mlango wa nyuma.

Mama akasimama kabla ya maombi. Sijawahi kumwona akifanya hivyo maishani mwangu. Akapita katikati ya viti, akatoka, nami nikamfuata hadi nje kwenye jua. Nilingoja anitukane. Ningeshukuru.

"Miaka yote hii," akasema.

"Mwaitu, mama yangu, nisamehe."

"Wachana na kuniomba msamaha mimi." Hakupaza sauti. Alikuwa anaangalia barabara. "Yule msichana wake mkubwa huniuliza. Ananiuliza mama alienda peke yake kwa nini. Unajua mimi humwambia nini? Namwambia mama yako alikuwa mjinga. Namwambia hivyo ndio asije akafanya vile alifanya." Akageuka, akanitazama. "Nimemwambia mtoto mama yake alikufa kwa ujinga. Mara ngapi, sijui."

Ndani walikuwa wameanza kuimba.

"Leo wakitoka shule utakuja nyumbani," akasema. "Utawakalisha wote wawili uwaambie vile umeambia hawa wa kaunti. Yote. Hata hiyo ya kuuliza nani ataangalia mchanga. Mimi nitakuwa hapo, na sitakusaidia."

Shule hutoka saa tisa. Saa nane na nusu nilikuwa nimeshafika, nimekaa mlangoni, nikiwangoja.