Kuni za Urefu wa Bapa

Mashine ilikata roho Mama Kuni akiwa bado ameishika. Iliguna mara moja, ikafuka moshi, ikanyamaza katikati ya gogo, mnyororo umezama nusu ndani ya mti. Alivuta kamba ya kuwashia, ikagoma. Akavuta tena, ikagoma vilevile, kama kuna mtu ameishikilia kwa ndani. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa amekalia ncha ya gogo ili lisitikisike, aliuliza kama petroli imekwisha. Mama Kuni aliiachia kamba. Alikuwa anausikiliza ule ukimya. Aliujua. Uliwahi kuingia uani pale siku waliporudi kutoka hospitali wakiwa na shati la mumewe mkononi, na mwenye shati hayupo.

Jina la Mama Kuni hakupewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa. Kwa miaka ishirini na mbili mumewe alikata kuni kwa msumeno wa mnyororo, yeye akapanga na kuuza. Mume huyo alianzia msituni, kwenye kazi ya kupasua mbao, na msitu ulipomchosha alirudi nyumbani na ile mashine yake kubwa, akasema wataishi nayo mpaka mmoja wao afe. Alikuwa mtu wa mzaha, hakujua anatabiri nini. Kifua kilimlaza wiki tatu, akatangulia yeye, mashine ikabaki.

Na mashine ile ilikuwa na sauti. Ilikuwa ikinguruma mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Alasiri, kazi ikiisha, mumewe hakuizima hivihivi. Aliiungurumisha mara mbili fupi, vuu, vuu, ndipo akaizima. Maana yake ilikuwa: weka maji ya kuoga motoni, mwenzio natokwa na jasho huku. Mama Kuni alikuwa akisikia akiwa jikoni, na mkono wake ulishafika kwenye sufuria kabla hajafikiri.

Baada ya msiba watoto walimwambia atafute vibarua wa kukata, yeye abaki kupanga. Alikataa. Aliwaambia vibarua ni gharama, na mtaa ukasema mjane yule ana moyo wa chuma. Lakini Mungu ndiye ajuaye yaliyo moyoni. Mashine ile ilimlemea, jioni mabega yakamuuma mpaka kuvaa nguo ikawa kazi, ila kila alipoiwasha ua ulijaa ile sauti, na kwa saa mbili tatu alikuwa kama mtu ambaye mumewe yupo tu hapo nje.

Kwa hiyo aliibeba mashine mpaka kwa fundi kama anayempeleka mgonjwa. Fundi wa mashine alikuwa na duka dogo lenye harufu ya oili, misumeno mipya imepangwa ukutani, mibovu imelala sakafuni. Aliifungua, akamulika ndani kwa tochi, akauliza taratibu kama petroli ilichanganywa na oili.

Mama Kuni aliangalia vidole vyake. Mumewe ndiye aliyekuwa akichanganya. Aliacha madumu mawili yamejaa, nao wakayatumia kidogokidogo miezi mitano. Yalipokwisha, yeye alikwenda kituoni akajaza petroli tupu, kwa kuwa machoni pake petroli ni petroli.

“Imekosa oili, imejikwaruza ndani yote,” fundi alisema. “Nikikuambia inatengenezeka, mama, nitakuwa nimekula hela yako bure.”

Mama Kuni aliitikia kwa kichwa, akamshukuru. Moyoni alisema, basi ni mimi niliyeizima.

Hapakuwa na muda wa kulia. Kuni zake karibu zote zilikwenda kwenye tanuri la mikate mtaa wa pili. Mwokaji alikuwa rafiki wa marehemu, akimwita Mama Kuni shemeji, na watu wa gesi walishamfuata mara mbili na mitungi yao. Alikuwa amewaahidi jibu Jumamosi. Siku ya msiba alichimba kaburi kwa mikono yake, lakini biashara ni biashara, naye aliposikia mashine imekufa alisema kwa upole: “Mimi nataka kuni zako, shemeji. Ila tanuri halijui msiba.” Stoo yake ilibakiwa na kuni za siku chache. Tanuri likienda kwenye gesi, ua wa Mama Kuni ungenyamaza moja kwa moja.

Siku ya pili alirudi kwa fundi na wifi yake, na fedha walizochanga watoto. Zilitosha kununua kubwa kama ile ya zamani, na hilo ndilo alilokuwa amekwenda kulinunua. Alimwomba fundi kitu ambacho fundi alisema hajawahi kuombwa na mteja: aziwashe zote tatu, ndogo, ya kati na kubwa, yeye asikilize.

Fundi alitoka nazo nje. Ndogo, ile ya bei rahisi, ililia kama mbu aliyekosa damu. Ya kati ilinguruma vizuri, lakini kwa sauti ya mtu asiyemjua. Kubwa ilipowaka Mama Kuni alifumba macho. Ilikuwa yenyewe. Alisimama pale barabarani, watu wakipita, mpaka wifi yake akamshika kiwiko na kumwambia achukue basi, anasubiri nini.

Fundi aliizima, akampa aishike. Aliinyanyua mpaka kiunoni. Mikono ikaanza kutetemeka kabla hajamaliza kusema bismillahi.

“Hiyo, wifi, itakukata wewe kabla haijakata kuni,” wifi alisema. “Halafu mimi nitawaambia nini watoto? Mama yenu kakatwa na sauti?”

Fundi hakucheka. Alimuuliza anakata miti gani, unene gani, siku ngapi kwa wiki. Mama Kuni alimwonyesha unene kwa kukunja mikono kama aliyepakata mtoto. Fundi akamweleza kwamba ile ndogo ni ya mtu wa kupogoa matawi nyuma ya nyumba. Kwa kazi ya siku nne kwa wiki haitamaliza msimu. Ile kubwa ni ya wapasua mbao, inakunywa petroli kama ngamia, na yeye hatapata gogo la kuifaa.

“Kwa kuni, mama, ya kati inatosha. Inatosha na kubaki,” alisema. “Kinachotakiwa ni mnyororo uwe mkali. Ukiona inatoa unga badala ya vipande, usiishindilie. Simama, piga tupa, uunoe. Na oili, mama. Oili.”

Alichora mstari kwa kalamu ya wino mzito kwenye dumu, petroli mpaka hapa, oili mpaka hapa. Mama Kuni alinunua ile ya kati. Fundi aliiomba ile mbovu abaki nayo kwa vipuri, lakini Mama Kuni aliifunga kwenye gunia akarudi nayo, akaiweka chini ya kitanda. Njia nzima wifi alimsuta kwamba yeye ndiye mjane wa kwanza duniani anayelala na mume uvunguni. Akamsuta mpaka walipofika mlangoni, kisha naye akanyamaza. Yule alikuwa kaka yake.

Kazi ilianza asubuhi iliyofuata, na kwa kweli fundi hakusema uongo. Mashine ya kati iliingia kwenye gogo kama kisu kwenye sabuni. Ilikuwa nyepesi, mabega hayakuuma, na vipande vidogo vya mti viliruka vinono, vya manjano, kwenye viatu vikubwa vya marehemu alivyovivaa na soksi mbili. Alikata kama alivyomwona mumewe akikata miaka yote. Unalaza bapa, lile chuma refu ambalo mnyororo hulizunguka, juu ya gogo kwa urefu. Unagusisha ncha, unaweka alama. Unalisogeza, unaweka alama nyingine. Kisha unakata alama kwa alama. Mumewe hakuwahi kushika futi. Bapa ndilo lililokuwa futi yake.

Siku mbili walikata. Jumatano walimpelekea mwokaji mkokoteni uliojaa. Wifi alijigamba kwamba sasa watu wa gesi wakachemshie chai yao. Mama Kuni alijitahidi kufurahi, akamshukuru Mungu kwa mabega yaliyopona maumivu. Lakini alasiri ile, alipozima mashine, aliizima tu. Hakuona kwa nini aiungurumishe. Jikoni hakukuwa na mtu.

Alhamisi asubuhi mwokaji alikuja mwenyewe, unga mpaka viwikoni, amekumbatia vipande viwili vya kuni kama mtu aliyeokota watoto njiani. Aliviweka chini, akakaa kwenye gogo, akakubali maji ya kunywa. Ndipo akasema.

“Shemeji, kuni zako zinaanguka.”

Tanuri lake lilikuwa na reli mbili za chuma, kuni zikilala juu yake kama daraja, majivu yakidondoka shimoni. Kuni za jana zilikuwa fupi, hazikufika reli ya pili. Zilidumbukia majivuni, moto ukafia chini huko, na mikate ya alfajiri ilitoka myeupe kama nguo ya msiba. Alieleza yote hayo bila kupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi Mama Kuni. Angemfokea angepata pa kushika.

Alitazama mashine mpya iliyokuwa imekaa kwenye kisiki. Alisema fundi amemdanganya. Alisema alijua tangu mwanzo, alitakiwa achukue kubwa, angejikaza tu, mikono ingezoea. Sauti yake ilianza kupasuka. Ya kati, alisema, ni ya kati tu, haiwezi kazi ya mume wake.

Wifi aliinama. Alikiokota kipande kimoja, akakilaza kando ya bapa la mashine mpya. Vikalingana, ncha kwa ncha.

“Ulipimia nini, wifi?”

“Bapa. Si ndivyo alivyokuwa akipima?”

“Bapa la nani?”

Mama Kuni alilitazama lile bapa jipya. Alikaa chini pale pale kwenye vumbi la mti. Kisha aliinuka, akaingia ndani, wakasikia kitanda kikisogezwa. Alirudi na gunia. Akaifungua ile mashine iliyokufa, akalegeza nati mbili kwa spana, akauvua mnyororo, na kulitoa lile bapa la zamani, jeusi, limelika ukingoni kwa miaka ya kazi. Akalilaza kando ya jipya. Lilizidi karibu shubiri nzima.

Kwenye pembe ya ua kulikuwa bado na ukuni mmoja uliokatwa na marehemu mwenyewe. Ulikuwa unazuia mlango wa banda la kuku, hakuna aliyewahi kufikiria kuuuza. Mwokaji alikwenda kuuchukua, akaulaza na bapa la zamani. Haukupungua wala kuzidi hata kidole.

“Reli zile,” mwokaji alisema, akijifuta uso na kuacha unga kwenye shavu, “wakati najenga tanuri niliziweka kwa kufuata kuni zake. Sikuwahi kupima kwa kitu kingine. Yeye hakukosea hata siku moja, nikadhani kuni zote duniani ndivyo zilivyo.”

Wote watatu walilitazama lile chuma. Kisha mwokaji akasimama. Alisema watu wa gesi wanakuja kesho kutwa asubuhi. Akipata mkokoteni mmoja wa kuni ndefu kesho jioni, atawapa chai na kuwaaga. Wifi alimwambia akanawe uso kwanza, asije akawaogopesha.

Kuni fupi zilirudi nyumbani, wifi akazichukua za kupikia. Mafiga hayana reli, alisema. Na tangu saa ile mpaka Ijumaa alasiri walifanya kazi kwa namna mpya. Wifi alishika bapa la zamani kwa mikono miwili, akalilaza juu ya gogo, akasema hapa. Mama Kuni akagusisha mnyororo, akaweka alama. Wifi akasogea, akasema hapa. Mara mbili msumeno ulianza kutoa unga, Mama Kuni akasimama, akapiga tupa jino kwa jino. Mchanganyiko wa petroli aliupima mpaka kwenye ule mstari, akapima tena.

Mashine ya kati ilikata magogo yote. Haikulalamika, haikuchoka, na wala haikunguruma mpaka vikombe vitetemeke. Ilipofika saa kumi, mkokoteni ukiwa umejaa na limebaki gogo moja, Mama Kuni alimwambia wifi yake aingie ndani akapumzike, hilo atalimaliza peke yake kwa alama alizokwisha kuweka. Wifi aliliegemeza bapa la zamani ukutani, mahali ambapo marehemu alikuwa akitundika kofia yake, akaingia.

Gogo likaisha. Kipande cha mwisho kilianguka, Mama Kuni akakisogeza kwa kiatu. Alikuwa anatokwa na jasho. Alitazama bapa pale ukutani, na mkono wake, bila yeye kuuambia kitu, ukabana kitufe cha mafuta mara mbili.

Vuu, vuu.

Haikuwa ile sauti ya zamani. Ilikuwa ndogo, nyembamba, sauti ya mgeni. Aliizima haraka kama aliyekamatwa na jambo.

Kutoka jikoni kulisikika mlio wa sufuria ikitua juu ya mafiga, na maji yakimiminwa.

“Nimesikia,” wifi yake alisema kutoka ndani. “Maji nayabandika.”