Kitanda, Meza na Ukuta

Chumba chenyewe kilikuwa kidogo kiasi kwamba ukifungua droo ya chini ya kabati la mafaili, mlango wa ndani haufunguki. Kilikuwa upande wa mbele wa nyumba yetu ya mabati, pembezoni mwa mji wa Kitui, na kilikuwa na mlango wake wa pili unaotokea barazani. Mimi nilikuwa karani wa chama cha ushirika cha wakulima wa pamba. Chama kilipohamishwa kutoka ofisi ya kupanga, mwenyekiti aliniomba niyaweke mafaili kwangu kwa muda. Huo muda ukawa miaka. Asubuhi wakulima waliketi kwenye benchi barazani wakisubiri kuniuliza habari za mbegu na dawa ya wadudu. Jioni, kama kuna mgeni, nilisogeza viti na mgeni akalala humo humo.

Kitanda cha wageni kilikuwa chetu cha zamani, cha chuma, chenye springi. Fundi alipotutengenezea kikubwa cha mbao, hiki nilikiingiza ofisini. Ndugu zangu walikilalia. Mhubiri mmoja kutoka mji wa Wote alikilalia akakisifu wakati wa chai. Sikukiona kuwa na kasoro.

Miaka ile ya sabini, mama mkwe wangu aliletwa kutoka upande wa Mwingi kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kushoto lilikuwa limekufa zamani. Hili la kulia ndilo lililobaki. Daktari alituambia, mimi na mke wangu tumesimama mbele yake, kwamba kwa majuma machache mama asiiname, asibebe kitu, na zaidi ya yote asikae penye moshi wala vumbi, kisha tumrudishe alitazame jicho. Nikamwambia daktari asiwe na wasiwasi, mama ana chumba.

Nilikipanga kwa furaha. Kitanda nilikiweka chini ya dirisha apate hewa, meza nikaisukuma kando ya mlango wa baraza. Mke wangu alitandika shuka nyeupe. Alitandika polepole sana, akizilainisha kona ambazo tayari zilikuwa laini, na nilidhani amechoka.

Asubuhi nilipoingia kuchukua kalamu, shuka zilikuwa vile vile. Mama nilimwona kupitia mlango wa jiko la nje, ameketi kwenye mkeka na bendeji yake, moshi wa kuni ukipita juu ya kichwa.

"Mbona mama hakulala chumbani?" nilimuuliza mke wangu.

"Alilala vizuri."

"Jikoni?"

"Alisema ana baridi, Baba Watoto."

Nikaelewa, au nilidhani nimeelewa. Dirisha ndilo lililokuwa na upepo. Siku hiyo niliwaambia wakulima wasubiri, nikavuta kitanda mpaka ukuta wa ndani, ule uliokuwa na joto, na meza nikairudisha dirishani. Nyumba haikuwa na dari. Ukuta huo uliishia kwenye boriti, na juu yake palikuwa wazi mpaka mabati. Upande wake wa pili kilikuwa chumba chetu cha kulala. Nilijua hivyo, niliijenga nyumba mwenyewe, lakini sikufikiria chochote zaidi ya joto.

Mama alilala jikoni tena.

Nilichanganyikiwa kweli. Huyu mama alikuwa kiongozi wa akina mama kanisani kwao. Tulipowatembelea alinisalimia kwa mkono mbele ya kusanyiko lote, akaniita ndugu katika Bwana. Mambo ya kale tulikuwa tumeyaacha, mimi na yeye, ndivyo nilivyoamini. Basi nikafikiri ni hawa wakulima wanaoingia asubuhi na viatu vya udongo kabla hajaamka vizuri. Nikalihamisha kabati la chuma, likasimama katikati ya chumba kama ukuta, kitanda nyuma yake. Lilikuwa zito. Ilibidi niwaite wanachama wawili kutoka kwenye benchi, na wengine wakasimama mlangoni kutoa maagizo.

"Kushoto, Karani, kushoto. Utamfungia mgeni ndani."

"Ni mgeni gani huyu asiyetaka kulala?"

"Ni mama mkwe," nilisema.

Kicheko kilikatika. Mzee mmoja, jirani yangu, mwanachama wa tangu chama kianze, aliukanyaga msumari uliokuwa sakafuni, akauokota, akautazama kama ameupata wa dhahabu. Wengine walipotoka alibaki.

"Karani, hiki kitanda ulikinunua wapi?"

"Ni chetu, mzee. Cha tangu tuoane."

"Cha wewe na binti yake."

"Ndiyo."

Aliuweka ule msumari mezani. "Umesoma mpaka sekondari, Karani. Huko hawakuwafundisha nthoni?"

Nthoni ni ile haya na heshima ambayo Mkamba huiweka kati yake na mama wa mkewe. Nilijua neno hilo tangu utotoni. Nilijua mama mkwe halali kitanda cha mkwe wake, kama vile ninavyojua jina langu. Nashindwa kueleza ni kwa nini sikulikumbuka. Nafikiri nilipoacha kukiona kile kama kitanda changu, nikaanza kukiita cha wageni, nilidhani kila mtu naye ameacha.

Sasa nilikuwa na jibu, na nililitumia vibaya. Nilikwenda kwa fundi mchana huo huo, nikamwomba kitanda kipya ambacho hakijalaliwa na mtu. Vijana wake wawili walikibeba kupitia sokoni, mimi nyuma yao na godoro kichwani. Mwanamke wa duka la nguo aliniuliza kama naoa wa pili. Kile cha chuma nilikitoa barazani mbele ya wanachama wote, nikakiegemeza ukutani. Kabati nililirudisha mahali pake, meza nikaigeuza, kitanda kipya kikaingia vizuri sana kati ya viwili hivyo. Sijawahi kukiona kile chumba kimepangika namna ile. Nilimwita mke wangu aje aone.

Alisimama mlangoni. Hakuingia.

"Ni kizuri," alisema.

"Basi mwambie mama."

"Nitamwambia."

Kesho yake mama alimtuma binti yake kwangu. Anashukuru kwa chakula na kwa hospitali. Anaona amepona. Shemeji yangu amekuja, wanaondoka na basi la asubuhi. Nilisema daktari hajalitazama jicho. Mke wangu akasema amemwambia hivyo, mara nyingi. Nilitoka kwenda kumsihi mwenyewe, nikafika nusu ya ua, nikamwona amejifunika kanga mpaka usoni kwa sababu yangu, na sikujua kama nikisogea ninamsaidia au ninamfukuza. Nikarudi ndani. Basi lile lilipita njia ya vumbi.

Jicho lilitunga usaha huko nyumbani. Walipomrudisha hospitalini hapakuwa na la kufanya.

Kwa muda mrefu nilimlaumu yeye. Kisha nikalaumu ukuta usiofika juu, kwamba hata kwenye kitanda kipya angesikia kikohozi changu. Watoto wetu walipokuwa wakubwa, siku moja tukipembua pojo, nilimuuliza mke wangu waziwazi: lilikuwa kosa la kitanda au la ukuta?

"Nilikuwa nimeshaongea na yule mjane wa ng'ambo ya barabara," alisema. "Angelala kwake, kimya kimya, kama vile amekwenda kusali naye. Lakini wewe ulihamisha vyombo mpaka benchi zima likajua mama amekataa kulala kwako. Angetokaje tena kwenda kulala kwa mjane?"

"Mbona hukuniambia?"

"Mama yangu na kitanda chako. Ningeanzia wapi?"

 Nilikuwa nimefikiria upepo, joto na viatu vya udongo. Sikumuuliza mke wangu mama angependa kulala wapi.

Nilimwona mama mara moja peke yake, mwaka uliofuata ule wa jicho, nilipokwenda kwao kwa ajili ya matanga. Alikuwa akitoka kisimani kwa fimbo, kwenye kinjia chembamba kati ya miiba. Zamani aliponiona kwa mbali aliacha njia, akapita vichakani amejifunika, nami nikatazama kando; ndivyo tulivyoheshimiana njiani, hata kama kanisani tulisalimiana kwa mkono. Siku hiyo alikuja moja kwa moja kuelekea kwangu, uso wazi. Ilibidi niingie mimi kwenye miiba. Tawi likakatika.

Alisimama. "Ni nani?"

Nikisema jina langu, atajua amenikabili uso kwa uso. Nikinyamaza, atadhani ni mtu mbaya.

"Mpita njia, mama," nilisema, kwa sauti ambayo haikuwa yangu.

"Basi pita," alisema. Akajisogeza kidogo pembeni, akashika fimbo kwa mikono miwili, akabaki anasubiri nipite, nami nilikuwa nimesimama miibani nikimsubiri yeye.