Gitaa Ndani, Mwenyewe Nje

Jumamosi nilikuwa harusini Lunyo, na bibi harusi alikuwa ameapa kwamba bila mpiga gitaa fulani wa Tororo, haolewi. Aina hiyo mnaijua: nywele nyekundu, shati analichana jukwaani, na kila akiitwa redioni anawatukana wachungaji.

Mchungaji wetu alifikiri kidogo, kisha akanyoosha kidole dirishani. "Gitaa inaingia," alisema. "Mtu anabaki nje."

Basi spika ikawekwa kando ya madhabahu, waya ukapitishwa dirishani, na yule bwana akakalishwa uani juu ya kreti ya soda. Akapiga wimbo wa kuwaingiza maharusi. Jamani! Gitaa lililia hata kwaya ikasahau kuimba.

Nyanya yake bibi harusi, mkali kuliko mchungaji, aliinuka akatoka. Tukajua mtu anafukuzwa. Alisimama mbele ya yule bwana, mikono kiunoni.

"Mdomo yako mimi sitaki," alimwambia. "Lakini hizo vidole lazima nione."

Akaanza kucheza. Akina mama wakamfuata, kisha maharusi, kisha mimi na kitambi changu.

Wasomi hubishana kama sanaa inaweza kutenganishwa na msanii. Sisi tulijaribu kweli, kwa waya mrefu na nia njema. Sauti yote ilikuwa ndani, watu wote tulikuwa nje.

Mwishowe mchungaji naye akatoka, jasho likimtiririka, amebeba spika begani.