Sahihi ya Alonzo Bettis

Kaka yangu Alonzo Bettis hakuwa mtu wa kutulia. Hata kanisani alisimama karibu na mlango, mguu ukimcheza. Kwa miaka kumi na mmoja aliendesha basi la shule ya watoto weusi wa wilaya yetu, hapa Alabama, na basi lenyewe lilikuwa masalia. Wazungu walilitumia mpaka likachoka, ndipo tukapewa sisi na kuambiwa tushukuru.

Mimi ni Ruthell, dada yake mdogo. Nilikuwa mpishi katika shule hiyo hiyo, kwa hiyo kila asubuhi nilipanda basi lake na kukaa nyuma ya kiti chake. Shule ya wazungu ilikuwa maili tatu kutoka kwetu. Yetu ilikuwa maili kumi na tisa. Kila siku ya Mungu tulipita mbele ya ile ya karibu kwenda ya mbali, na nikisema jambo hilo lilinikera, nitakuwa nimesema kidogo.

Binti wa Alonzo, Vonceil, alikuwa na miaka kumi na mitano na mdomo kama wangu.

"Baba, jana mwalimu wa kemia alituchorea moto ubaoni."

"Moto gani tena?"

"Wa kuchemshia dawa. Hatuna jiko wala chupa, kwa hiyo akasema tujifanye unawaka."

"Umeungua?" mtoto mmoja akauliza kutoka nyuma, na basi zima likacheka. Vonceil hakucheka. Alitaka kuwa mfamasia, na alijua kwamba kule maili tatu kila meza ina bomba lake la gesi.

Mwaka wa sitini na sita, majira ya kuchipua, zikaja fomu. Serikali ya Washington iliibana wilaya iache kutenga shule kwa rangi, na wilaya ikasema sawa, kila mzazi achague shule anayoitaka. Waliuita uhuru wa kuchagua. Uhuru gani huo, wakati karatasi yako inapelekwa kwa watu wale wale wanaokulipa mshahara? Ukiweka alama kwenye shule ya wazungu, mwenye shamba unalolima anajua kabla ya chakula cha jioni. Tulipewa siku thelathini.

Siku hizo thelathini kaka yangu alikuwa hashikiki. Aliinuka mezani na kipande cha mkate wa mahindi mkononi, eti anakwenda kuangalia betri ya basi. Akarudi, akakaa, akainuka tena.

"Hiyo betri ikijifungua utatuambia," akasema Earline, mkewe.

"Baba, unachagua nini?" Vonceil akamuuliza.

"Bado nafikiri."

"Siku zinaisha."

"Nimesema nafikiri, mwanangu. Kula."

Wazazi wengi hawakuiamini posta kupeleka fomu zao. Walimpa Alonzo, naye akaziweka kwenye boksi la viatu kando ya usukani bila kuchungulia hata moja. Ijumaa ya mwisho, baada ya kushusha watoto, tukaenda pamoja ofisi ya elimu. Yeye alikuwa na boksi, mimi nilikuwa na karatasi za kuombea unga wa jikoni. Fomu ya Vonceil alidhani bado iko nyumbani, haijajazwa. Mfukoni alikuwa na kalamu, akaniambia ataomba nyingine na kujaza pale pale, akishaamua.

Karani alikuwa Bi Hargrove, mzungu ambaye kwa umri kaka yangu angeweza kumzaa, lakini alimwita Lonzo kama anaita mtoto. Akazipitia fomu moja moja. Akafika kwenye moja, akasita.

"Lonzo, huyu Vonceil si wako?"

"Wangu, bibi."

"Mbona sahihi si yako?"

Alonzo akaichukua ile karatasi. Alama ilikuwa kwenye shule ya wazungu, na chini yake jina la Vonceil kwa mwandiko ulionyooka. Sheria ilimruhusu mtoto wa miaka kumi na mitano kujichagulia. Asubuhi ile nilimwona Vonceil akitumbukiza kitu kwenye boksi, nikadhani ametumwa na jirani.

Kaka yangu akatabasamu. Nilimwona mimi, kwa macho yangu. Alijivunia yule mtoto.

"Mzazi akichagua tofauti, la mzazi ndilo linalosimama," Bi Hargrove akasema, akisukuma fomu tupu mbele yake. "Sikulazimishi. Ila mkataba wa basi unazungumzwa Jumatatu." Kisha akanitazama. "Na wa jikoni pia."

Alonzo akaanza kutembea. Dirishani, mezani, dirishani tena, kofia ikizunguka mikononi. Hatimaye akasimama mbele yangu na kuningoja. Maisha yangu yote mimi ndiye mwenye maneno. Nimegombana na mchungaji, nimegombana na muuza nyama, nimemfukuza mkusanya kodi uani kwangu. Alitaka niseme neno moja tu la kumtia nguvu.

"Lonzo," nikasema, "nina watoto wanne."

Akaenda mezani, akaweka alama kwenye shule yetu, akasaini. Wala hakukaa.

Nimejiambia mara nyingi kwamba angesaini hata kama nisingefungua kinywa. Si kweli, na naona aibu mpaka leo.

Jioni ile alimweleza Vonceil mwenyewe, kila kitu, hakuficha.

Shule zikafunguliwa Septemba. Basi lililala uani kwao, na miaka yote Vonceil alikuwa abiria wa kwanza, akipanda hapo hapo mlangoni na kumfutia baba yake vioo. Asubuhi ile hakuwamo. Alikuwa ametangulia kwa miguu mpaka kituo cha majirani, akasimama kwenye foleni na watoto wengine, vitabu kifuani.

Mlango ukafunguliwa. Alipanda zamu yake ilipofika.

"Habari za asubuhi, dereva," akasema.

Nikasogea upesi kumpa nafasi kitini kwangu, nikapapasa kiti kwa mkono aje akae. Akanitazama kwa adabu zote.

"Habari za asubuhi, mpishi," akasema, akapita kwenda kukaa nyuma kabisa.